Kamari ilivyotoka polisi ikaenda hazina bila kupita hospitali

Dodoma ina jambo ambalo mji mwingine wowote wa Tanzania hauna. Bunge linalotunga sheria za michezo ya kubahatisha linaketi hapa. Wizara ya Fedha, inayopendekeza viwango vya kodi ya michezo hiyo, ipo Mji wa Serikali, Mtumba. Na Mirembe, Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, ambayo jina lake Watanzania hulitumia zaidi kwa utani kuliko kwa heshima, imekuwapo hapa tangu enzi za Waingereza. Lakini ukizifuatilia sheria za kamari tangu ukoloni hadi leo, utaona kwamba jalada lake lilianzia polisi, likahamia hazina, na huko Mirembe halikufika. Mchezaji ametazamwa kama mzururaji, kisha kama mchangiaji wa maendeleo, kisha kama mlipa kodi. Kutazamwa kama mtu anayeweza kuugua ndiko kulikochelewa, na kuchelewa huko hakukutokana na ujinga wa mtu mmoja wala chama kimoja. Kumejengwa ndani ya sheria zenyewe, hatua kwa hatua.

Tuanze na Kanuni ya Adhabu, tuliyoirithi kwa wakoloni na ambayo sasa ni Sura ya 16 ya sheria zetu. Kifungu chake cha 176 kiliwaweka kapu moja ombaomba, malaya na wanaocheza michezo ya bahati kwa fedha hadharani, wote wakiitwa wazembe na wasio na nidhamu. Ukisoma kwa makini, utaona sheria haikujali mchezaji amepoteza kiasi gani, au kwake wamelala njaa. Ilijali kwamba yupo barabarani saa za kazi. Serikali ya kikoloni ilihitaji nguvu kazi ya mashamba ya mkonge na ya reli, na nyanda hizi za kati, kwa Wagogo, Wanyaturu na Wanyiramba, zilikuwa chimbuko mojawapo la vibarua hao. (Waingereza haohao waliomkamata mcheza karata walikuja kumwaga fedha za walipa kodi wa Uingereza katika mradi wa karanga wa Kongwa kuanzia 1947, mvua ikakataa, udongo ukakataa, nao wakaongeza fedha ili kuokoa zilizokwisha kupotea, hadi mwaka 1951 walipofuta hasara ya pauni zipatazo milioni 36. Kufukuzia hasara ni dalili ambayo daktari wa leo huiuliza mapema kabisa.)

Uhuru haukuufuta mtazamo huo, ila uliuongezea mwingine. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, ilitungwa Sheria ya Michezo ya Ubashiri na Bahati Nasibu, na mwaka 1974 ikafuata sheria iliyoanzisha Bahati Nasibu ya Taifa. Wapo wanaoona kichekesho hapo: nchi iliyotangaza kwamba jasho ndilo chanzo cha mapato inauza tiketi za bahati. Mimi naona mantiki. Bahati nasibu ya umma iliuzwa kama mchango, aliyekosa zawadi amesaidia taifa. Kilicho muhimu zaidi kwa hoja yetu ni mwendo wa mchezo wenyewe. Ulinunua tiketi, ukaiweka mfukoni, ukarudi shambani, ukasubiri siku ya droo. Kati ya kuweka fedha na kujua matokeo kulikuwa na siku kadhaa za kutulia. Uraibu hauoti kirahisi katika pengo kama hilo.

Pengo hilo ndilo lililozibwa katika miaka ishirini ya mwanzo ya karne mpya. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 ilifuta zile za 1967 na 1974 na kuunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Haikuwa sheria ya hovyo: inawazuia walio chini ya miaka 18 na inaitaka Bodi ilinde umma. Lakini iliandikwa kwa ajili ya kasino na maduka, mahali penye mlango na mlinzi. Mwaka 2008 M-Pesa ikaingia nchini, mitandao mingine ikafuata, na mlango ukahamia kiganjani. Mtu anaweka mkeka wa kubeti akiwa Nyerere Square, unachanika kabla hajavuka barabara, anaweka mwingine. Mashine za sarafu, maarufu kama dubwi, nazo zikatoka kasino zikasogea vilabuni na vibandani, zikizungusha matokeo kwa sekunde. Mwaka 2017 SportPesa ilidhamini kwa mpigo Simba, Yanga na, hapa kwetu nyanda za kati, Singida United. Mwaka 2022 M-Bet iliahidi Simba shilingi bilioni 26.1 kwa miaka mitano. Mtoto anayevaa jezi ya timu yake anajifunza jina la kampuni ya kubeti pamoja na jina la mshambuliaji.

Hazina haikulala. Kuanzia Julai 2017 ukusanyaji wa kodi hii ulikabidhiwa TRA, na mapato yakapanda kutoka takribani shilingi bilioni 33.6 mwaka 2016/17 hadi zaidi ya bilioni 130 mwaka 2021/22. Takwimu hizo husomwa kama habari njema, na kwa mhasibu ni njema kweli. Ila inafaa kukumbuka sehemu kubwa ya kodi hiyo hutozwa juu ya nini. Mapato ghafi ya mchezo ni fedha zote walizoweka wachezaji ukitoa zote walizolipwa washindi. Kwa maneno mengine, ni hasara ya wachezaji wote kwa pamoja. Serikali inapotoza asilimia 30 ya mapato hayo kwenye ubashiri wa michezo, inakusanya chini ya theluthi ya kilichopotea. Anayesema wapo vijana waliojenga kwa mikeka hasemi uongo, lakini hesabu ya kodi yenyewe inathibitisha kwamba waliojenga wamejengewa na wenzao, kampuni ikichukua chake kwanza.

Kiwango hicho cha asilimia 30 kilipandishwa kutoka 25 mwaka 2021, na asilimia 5 iliyoongezeka ikaelekezwa Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Kumbe fedha ya kamari inaweza kupewa kazi maalumu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 ilikwenda mbali zaidi, ikaitaja michezo ya kubahatisha miongoni mwa vyanzo vya kugharimia wasio na uwezo. Ni hatua ya kusifiwa, ingawa ina kasoro ya ajabu: kamari inachangia tiba ya malaria, kisukari na kifua kikuu, huku ugonjwa inaouzaa yenyewe ukiwa hauna fungu lake.

Nimeuita ugonjwa, na hapo ndipo upinzani mkubwa ulipo. Msikitini na kanisani utaambiwa ni dhambi. Kijiweni utaambiwa ni tamaa. Sibishani na viongozi wa dini, dhambi na ugonjwa vinaweza kukaa katika mwili mmoja. Lakini ushahidi wa kitabibu haujaanza jana. Daktari Robert Custer alianza kuwatibu waraibu wa kamari hospitalini Ohio mwaka 1972. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuorodhesha ugonjwa huo mwaka 1980, na mwaka 2013 kikauhamishia kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 inautambua vilevile. Tamaa peke yake ingemwacha mtu asimame anapofilisika. Mraibu hasimami; anakopa, anaficha, anauza kitanda, naye anajua fika anachokifanya.

Wengine husema chanzo ni umaskini, si ubongo. Nyanda za kati hupata msimu mmoja wa mvua, na kwa mkulima wa alizeti, mtama au zabibu fedha huja kwa mkupuo, kisha miezi mirefu haiji. Kijana asiye na ajira akiona bahati kama njia pekee, nani amlaumu? Umaskini unaeleza kwa nini anaanza. Hauelezi kwa nini jirani yake, maskini kama yeye, anaweka buku moja Jumamosi na kuishia hapo. Heroini nayo ilihusishwa na umaskini, na bado Muhimbili ilianza kutoa methadoni Februari 2011, hatukusubiri umaskini uishe. Dodoma tunayo kliniki kama hiyo Itega, chini ya Mirembe. Mtu ambaye zamani angeishia rumande tu sasa anapanga foleni ya dawa kila asubuhi. Nchi iliyoweza kubadili mtazamo wake kuhusu heroini haiwezi kudai kwamba uraibu wa kamari ni mgumu mno kuuelewa.

Basi tupige marufuku? Hapana, na hapa natofautiana na wengi wanaoumizwa na hali hii. Kamari ya mtandaoni ikinyimwa leseni itahamia kwenye tovuti za nje zisizo na Bodi, kodi wala kikomo. Kinachofanya kazi ni kupunguza kasi. Norway iliondoa mashine zote za sarafu mwaka 2007, ikazirejesha baadaye kwa kadi ya utambulisho yenye ukomo wa hasara. Uingereza mwaka 2019 ilishusha dau la mashine za madukani kutoka pauni 100 hadi 2. Watasema wale wana mifumo, sisi hatuna. Tunayo. Tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA huzimwa. Namba moja ya NIDA inatosha kumwekea mtu ukomo wa hasara kwa mwezi katika kampuni zote, na kumwezesha anayetaka kujifungia nje ajifungie kweli, asihamie kampuni ya jirani dakika hiyohiyo.

Kuhusu gharama, Afrika Kusini imekuwa na mpango wa tiba na ushauri unaolipiwa na mchango wa kampuni za kamari tangu mwaka 2000, na mwaka 2025 Uingereza imeugeuza mchango wa namna hiyo kuwa wa lazima kisheria. Kwetu, asilimia 1 tu ya mapato ghafi, ikikatwa kwa utaratibu uleule wa fungu la michezo, ingeweza kuwafundisha wauguzi wa hospitali za mikoa, Dodoma na Singida zikiwa za kwanza, na kulipia namba ya simu ya bure. Mabadiliko ya aina hiyo hufanywa katika Muswada wa Sheria ya Fedha, unaojadiliwa jijini hapa kila Juni. Wakati huo unasubiriwa, Mirembe na Itega zinaweza kuongeza swali moja kwenye fomu ya kumpokea mgonjwa: mwezi uliopita umecheza kamari mara ngapi, na ulijaribu kuacha?