Kipawa, Dawa na Haki katika Mbio za Baisikeli

Kwa mwendesha baisikeli apandaye vilima vya Itumba, katika Ileje, mlima ni hakimu asiyependelea: mwenye pumzi hupanda, na asiye nayo hushuka akasukuma. Lakini hakimu huyo hamwulizi mtu nguvu zake amezipata wapi. Swali hilo wameachiwa wanadamu, na historia ya mbio za Ulaya yaonyesha ugumu wa kulijibu.

Christopher Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Katika ujana wake alifunzwa na David Kinjah, mwendesha baisikeli mashuhuri wa Kenya, katika nchi ya vilima ya Kikuyu. Mwaka 2011 alishindana katika mbio kuu za Hispania, akawa wa pili, nyuma ya Juan José Cobo kwa sekunde 13 tu. Mwaka 2019 Cobo alivuliwa ushindi, kwani kumbukumbu za damu yake zilidhihirisha uvunjaji wa kanuni za kuzuia dawa. Froome akatangazwa mshindi. Haki ilimrudishia tuzo. Haikuweza kumrudishia siku ile ya Madrid, jukwaa lake na shangwe zake.

Lakini mtu huyo huyo alisimama pia mahali pa mshitakiwa. Septemba 2017, katika mbio zile zile za Hispania, ambazo alizishinda, mkojo wake ulikutwa na salbutamoli, dawa ya pumu, kwa kiasi cha mara mbili ya mpaka uliowekwa. Julai 2018 Shirikisho la Baisikeli la Dunia lilifunga shauri, likaamua kwamba matokeo hayo hayakuwa kosa. Hata hivyo, mwezi ule ule alizomewa katika barabara za Ufaransa.

Watazamaji hao walikuwa na kumbukumbu ya Lance Armstrong, aliyevuliwa ushindi wa mara saba mwaka 2012. Kipawa hakionekani kwa macho. Hujulikana kwa tendo, na tangu hapo tendo kubwa lenyewe limegeuka kuwa shitaka.

Basi atumiaye dawa huiba mara mbili: humwibia aliye nyuma yake ushindi, na humwibia ajaye baada yake imani ya watu. Kijana wa Itumba akishinda kesho kwa pumzi yake mwenyewe, atadaiwa deni asilolikopa.