Fomu ya Mlangoni: Jinsi ya Kufuata Hesabu ya Kura za Urais, Kuanzia Bondo

Msomaji wa Mombasa au Lamu huenda akauliza, Bondo inatuhusu nini sisi wa Pwani? Inatuhusu sana. Pengine hakuna mji Kenya uliokesha mbele ya televisheni kuhesabu kura kama huu wa Kaunti ya Siaya, nyumbani kwa marehemu Raila Odinga. Aliwania urais mara tano, na mara nne za mwisho, 2007, 2013, 2017 na 2022, hesabu yenyewe ilizua ubishi. Alizikwa Bondo Oktoba 2025. Ubishi haukuzikwa naye, na uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027.

Tuanzie kituoni. Baada ya kura kufungwa, karatasi huhesabiwa hapo hapo mbele ya maajenti, na msimamizi wa kituo hujaza Fomu 34A. Maajenti hutia sahihi na kupewa nakala, nyingine hubandikwa mlangoni. Kisha fomu hupigwa picha kwa kifaa cha Tume ya Uchaguzi (IEBC) na kutumwa moja kwa moja. Kwa Bondo jambo hili si dogo. Eneo bunge hili lina kisiwa cha Mageta ndani ya Ziwa Victoria, na masanduku ya huko huvuka kwa mashua, sawa na ya Kiwayu kwetu. Picha hufika kabla ya mashua. Anayetaka kuichezea karatasi njiani ajue kuna nakala iliyomtangulia.

Fomu zote za eneo bunge hujumlishwa katika Fomu 34B, na za nchi nzima katika 34C, kule Bomas. Juni 2017 Mahakama ya Rufaa ilitoa uamuzi katika kesi ya Maina Kiai na wenzake: matokeo yaliyotangazwa mashinani ni ya mwisho, na Nairobi haina ruhusa ya kuyabadilisha. Kazi ya Bomas ni kuhakiki na kujumlisha.

Sasa zile namba za televisheni. Mwaka 2022 Tume ilifungua tovuti ambapo mtu yeyote angeweza kusoma fomu za urais za vituo 46,229. Vyombo vya habari vikaanza kujumlisha kila kimoja kivyake, na saa ile ile runinga moja ikaonyesha Raila anaongoza, nyingine William Ruto. Watu wakaapa kuna mmoja aliyenunuliwa. Lakini kila chumba cha habari kilichukua fomu kwa mpangilio wake. Aliyeanza na Siaya, ambako Raila hupata karibu kura zote, alimwona Raila mbele; aliyeanza na Bonde la Ufa alimwona Ruto. Kwa hiyo ukiona pengo limeruka usiku, usiulize kwanza nani ameiba. Uliza fomu zilizoingia ni za wapi, na zilizobaki ni za wapi.

Jambo la pili ni asilimia, na hapa hata wakubwa hujikwaa. Agosti 15, 2022 mwenyekiti Wafula Chebukati alimtangaza Ruto kwa kura 7,176,141, yaani asilimia 50.49, dhidi ya 6,942,930 za Raila, asilimia 48.85. George Wajackoyah alipata 0.44 na David Waihiga 0.23. Makamishna wanne kati ya saba walijitenga na matokeo hayo, na siku iliyofuata wakasema asilimia zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 ya ziada ni kama kura 142,000. Chukua kikokotoo. Kura halali zilikuwa milioni 14.2, na 0.01 ya asilimia ni sehemu moja katika elfu kumi: kura kama 1,420. Tena hata hizo hazikuwepo, kwani ziada ilitokana na kukadiria desimali tu. Kosa la sifuri mbili, nchi ikiwa imeshika roho mkononi.

Hii haina maana kila lalamiko ni bure. Tofauti ya wagombea wawili ilikuwa kura 233,211, wastani wa kura tano kwa kila kituo. Lakini ili kuepuka duru ya pili Ruto alihitaji kuvuka nusu ya kura halali, na aliivuka kwa kura kama 69,600 tu, yaani moja na nusu kwa kituo. Ndiyo sababu ajenti aliyesinzia ni hasara.

Mwaka 2013 mambo yalikuwa membamba zaidi. Uhuru Kenyatta alitangazwa kwa asilimia 50.07, akivuka nusu kwa kura kama 8,400. Hapo kura zilizokataliwa zilikuwa zimehesabiwa ndani ya jumla. Mahakama ya Juu ikasema zisihesabiwe. Na katika siku za mwanzo, programu ya kompyuta ilikuwa ikizidisha kura zilizokataliwa mara nane, watu wakaangalia mamia ya maelfu ambayo hayakuwepo.

Mwaka 2017 ni hadithi nyingine. Septemba 1 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, kubwa likiwa jinsi matokeo yalivyotumwa na kuhakikiwa. Uchaguzi wa marudio ulipofanyika Oktoba 26, sehemu kubwa ya Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori haikupiga kura. Kabla ya hapo, Agosti, mtoto wa miezi sita alikufa Kisumu baada ya polisi kuvamia nyumba usiku wa maandamano. Na 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini kwa matokeo ambayo Tume ya Kriegler ilisema baadaye yalichafuka kiasi kwamba haiwezekani kujua aliyeshinda. Wakati huo hapakuwa na picha za fomu za kuangalia.

Ukiwa na shaka, basi, nenda mlangoni asubuhi na simu yako. Piga picha fomu ya kituo chako, jumlisha mwenyewe, angalia kama kura zimezidi waliosajiliwa, kisha linganisha na ile ya kwenye tovuti. Zikitofautiana, una ushahidi. Kesi ya urais hufikishwa Mahakama ya Juu ndani ya siku 7 za kutangazwa, nayo huamua ndani ya siku 14. Ya gavana au mbunge hupelekwa Mahakama Kuu ndani ya siku 28 tangu Tume kutangaza matokeo, na huko inaweza kuchukua miezi sita.