Land Rover ya Turubai: Gari la Wazi la Arusha na Siku ya Kuliuza

Oktoba 2024 barabara za Arusha zilijaa Land Rover. Mkoa, chini ya Mkuu wa Mkoa wa wakati huo, Paul Makonda, uliitisha tamasha la magari hayo, na shabaha ilikuwa kuwapokonya Wajerumani rekodi ya dunia ya msafara wa Land Rover, rekodi yenye magari zaidi ya 600. Watu wengi waliongelea idadi. Mimi jicho langu lilikuwa kwa zile za zamani zenye turubai, kwa sababu ndizo zinazotoweka.

Huko Ulaya na Marekani, mwenye fedha na mapenzi ya magari ya zamani hununua gari la michezo la kufungua paa, MG au Jaguar, akalifunika gereji na kulitoa siku za jua. Chini ya Mlima Meru magari ya namna hiyo hayakupata maisha marefu. Barabara zenyewe zisingeyaruhusu. Gari la wazi lililopendwa huku, likarithiwa, likapewa jina kama mtu wa nyumbani, ni Land Rover.

Lilizinduliwa tarehe 30 Aprili 1948 katika maonyesho ya magari ya Amsterdam. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, Wales, na alitumia humo gari la jeep la Kimarekani lililobaki baada ya vita. Alipoona litachakaa asipate jingine la kulirithi, aliamua kampuni yake itengeneze la kwake. Uingereza ya wakati ule ilikuwa inagawa chuma kwa kibali, kwa hiyo bodi ikafanywa ya alumini. Rangi ya kijani ya mwanzo nayo ilitokana na akiba ya rangi za ndege za kivita. Uamuzi ule wa shida ndio uliolipa gari umri: alumini haishiki kutu. Ukiona Land Rover ya miaka ya 1950 bado ina mabawa yake ya awali, ujue njaa ya chuma ya Waingereza ndiyo iliyoihifadhi.

Ila chesisi ni ya chuma, na chesisi huliwa na kutu. Nitalirudia hilo tukifika kwenye mauzo.

Katika Tanganyika ya miaka ya 1950 gari hili lilifika mikononi mwa walowezi wa mashamba ya kahawa, maofisa wa wanyamapori na mabwana shauri. Kwa mwananchi wa kawaida lilikuwa gari la serikali kwanza, na mngurumo wake ukisikika kijijini watu walijiuliza anakuja nani na anataka nini. Mapenzi yalikuja baadaye, lilipoanza kubeba wagonjwa, walimu, mbegu na maiti.

Tulitazame kwa karibu. Turubai limetandazwa juu ya vyuma vilivyopinda, limefungwa kwa mikanda na kamba; ukitaka hewa unakunja pembeni, ukitaka anga unalivua lote. Sehemu ya juu ya milango hufunguliwa kwa nati ikatoka. Kioo cha mbele nacho hulegezwa pande zote mbili kikalazwa juu ya boneti, na dereva akabaki uso kwa uso na upepo. Chini ya kioo kuna vifuniko viwili vidogo vya kuingizia hewa, na kwenye barabara ya Ngarenanyuki wakati wa kiangazi hivyo hivyo huingiza vumbi la majivu ya volkano hadi kope zikawa nyeupe. Zile fupi za mwanzo, mdomo wa tangi la petroli uko chini ya kiti cha dereva: ukifika kituoni unashuka, unainua mto wa kiti, ndipo unajaziwa mafuta. Betri ikilala, kuna hendeli ya kuzungushia injini kwa mbele.

Hata namba ya 109, ambayo kila mtu wa Arusha anaitamka, ni kipimo tu: inchi 109, yaani karibu sentimita 277, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Mwaka 1983 ikaja 110 yenye springi za koili, na abiria wa nyuma wakapumzisha migongo kidogo.

Dunia iliuona uzuri wa kuendesha gari la wazi chini ya Meru kupitia sinema. Mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, kabla ya Uhuru, Howard Hawks alipiga picha za filamu ya Hatari! hapa Tanganyika, John Wayne akiwa mhusika mkuu, na Momella ikiwa kambi yao. Ilitoka mwaka 1962. Magari yaliyokimbiza vifaru na twiga mle yalikuwa ya aina mbalimbali, ila yote yalifundisha jambo moja, kwamba nchi hii hutazamwa vizuri zaidi pasipo paa. Mwigizaji Mjerumani Hardy Krüger aliipenda Momella kiasi cha kununua shamba na kuishi huko kwa miaka. Eneo la jirani, lililotangazwa hifadhi mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto Crater, tangu 1967 ndilo sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha.

Miaka migumu ilikuja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, na Arusha ikatenganishwa na Nairobi ilikotegemea spea. Vita vya Kagera vikafuata, fedha za kigeni zikakauka, magari binafsi yakazuiwa kutembea kila Jumapili kuanzia saa nane mchana. Hapo ndipo mafundi wa Arusha walipojijengea heshima. Bushi zilichongwa, springi zikafuliwa upya, giaboksi moja ikazaliwa kutokana na tatu zilizokufa. Injini ya petroli ilipogoma kabisa, ikang'olewa na kuwekwa dizeli ya Kijapani. Kwa mkusanyaji wa Ulaya hilo ni kuharibu. Kwangu mimi ni historia halali ya gari lenyewe, tena sehemu yake tukufu, maana bila mikono ile leo tusingekuwa na cha kubishania.

Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, magari ya mtumba kutoka Japani yakaingia. Serikali ikauza Land Rover zake kwa mnada, na watalii wakahamia taratibu kwenye Land Cruiser. Kuukuu zikaenda kubeba watu, mbuzi na magunia ya mahindi kuelekea Loliondo, na wachimbaji wa tanzanite kule Mererani.

Sasa kuhusu kuuza. Mwenye gari huuza kwa sababu anazozijua kila mzazi: ada, matibabu, au miguu iliyochoka na klachi nzito. Watoto wake wako Dar es Salaam na wanataka gari lenye kiyoyozi. Dalali anakuja na mnunuzi, mnunuzi anaingia uvunguni na nyundo ndogo, anagonga chesisi akisikiliza palipooza. Anasoma namba ya chesisi na ya injini, anazilinganisha na kadi. Zikilingana, bei inapanda, ingawa mara nyingi mzee haambiwi.

Wenye magari wajue hali ya soko la nje. Desemba 2015 Land Rover iliyotengenezwa kuadhimisha gari la milioni mbili iliuzwa mnadani London kwa pauni 400,000. Mwezi uliofuata, tarehe 29 Januari 2016, kiwanda cha Solihull kikatoa ile ya mwisho ya ukoo ule wa 1948. Tangu hapo za zamani hazizaliwi tena, zinapungua tu. Hiyo ya mnadani ilikuwa ya kipekee, na ya huku kwetu haitafika bei hiyo hata robo. Lakini pia si chuma chakavu cha kupimwa kwa kilo.

Sisemi watu wasiuze. Gari ni mali ya mtu, na ada ya mtoto haisubiri. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kusaini mkataba mbele ya wakili, mwenye gari amwite fundi asiye wa mnunuzi, apige picha za gari na za namba zake, atoe nakala ya kadi ya zamani, kisha aandike katika daftari lilinunuliwa lini, kwa nani, lilibeba nini na fundi gani aliligusa. Nakala moja abaki nayo, nyingine ampe mnunuzi. Na mkoa uliokusanya magari haya barabarani mwaka 2024 unao uwezo wa kununua walau moja ya turubai, ikiwa na injini yake yoyote ile, na kuiweka penye paa pamoja na majina ya mafundi walioiweka hai.