Kupotewa na Nguvu katika Vitenzi vya Kiingereza: Historia ya Maana Zinazokaribiana

Mwaka 1718 kasisi mmoja Mfaransa, Gabriel Girard, alitoa kitabu kuhusu usahihi wa lugha ya Kifaransa. Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna maneno mawili yenye maana ile ile kabisa, na kwamba mtu mwenye kufikiri aweza kuonyesha mahali yanapoachana. Waingereza waliipokea hoja hiyo. Mwaka 1794 Hester Lynch Piozzi alichapisha kitabu cha visawe vya Kiingereza, na mwaka 1816 George Crabb akatoa kingine cha aina hiyo, kilichosomwa kwa muda mrefu. Njia yao ilikuwa ya mantiki: maneno huwekwa pamoja, kisha huulizwa lipi ni kali zaidi, lipi ni pana zaidi, lipi lafaa mahali gani.

Kwa maneno mengi njia hiyo hufaa. Ikitumiwa kwa vitenzi vinavyoeleza kupotewa na nguvu, hukwama mapema. Vitenzi “wane”, “ebb”, “fade”, “flag”, “languish” na “wilt” havipangiki kama vipandio vya ngazi, kutoka udhaifu mdogo hadi udhaifu mkubwa. Kinachovitenganisha ni kile kitu ambacho historia imekifunga na kila kimoja: mwezi, maji ya bahari, rangi, bawa lililoning'inia, mgonjwa, ua.

Tabaka la kwanza ni la Kiingereza cha kale, kabla ya uvamizi wa Wanormandi wa mwaka 1066. “Wane”, ambacho zamani hizo kilikuwa “wanian”, hakikuanza na mwezi. Kilimaanisha kupungua kwa chochote kile, na kilikwenda sambamba na mwenzake “weaxan”, yaani kukua. Karne zilivyopita, “grow” kilitwaa kazi ya kukua, na maneno ya asili ya Kifaransa na Kilatini, kama “diminish” na “decrease”, yakatwaa sehemu kubwa ya kazi ya kupungua. Jozi ile ya kale ikabaki hasa kwa mwezi. Hadi leo, mwanahistoria wa Kiingereza anapotumia “wane” kwa mamlaka ya mfalme, msomaji wake huona jambo la polepole, la usiku baada ya usiku, lililokwisha kupita kilele chake.

“Ebb” ni neno la watu wa pwani. Mwaka 991, huko Maldon katika Essex, jeshi la Waingereza na jeshi la Waviking yalitenganishwa na maji yaliyojaa. Maji yalipokupwa njia ya kuvukia ilionekana, na mapigano yakafuata. Shairi la kale linalosimulia vita hivyo linalitaja neno hilo hilo. Nguvu inayoelezwa kwa kitenzi hiki huondoka mwilini kama mkondo, bila mtu wa kuifukuza. “Wither” nacho ni ndugu wa “weather”, neno la hali ya hewa: ni kunyauka kwa kitu kilichoachwa juani na upeponi.

Neno la jumla kuliko yote, “weak”, si la Kiingereza cha kale. Kiingereza kilikuwa na lake, “wac”, lakini neno la Waskandinavia waliohamia mashariki na kaskazini mwa Uingereza ndilo lililoshinda. Kitenzi “weaken” kilifuata katika karne ya 16. Hakina picha ya mwezi, wala ya bahari, wala ya ua. Yaelekea ndiyo sababu kimeweza kutumika kwa kila kitu, kuanzia chai hadi serikali.

Baada ya mwaka 1066 ndipo mlango wa Kifaransa ulipofunguka, na hapa msomaji wa Kongo anayejua Kifaransa ana faida na hatari kwa pamoja. “Feeble”, ambacho kilizaa kitenzi “enfeeble”, kilipitia Kifaransa cha kale kutoka neno la Kilatini “flebilis”: mtu au jambo la kuliliwa machozi. Ni asili ile ile ya “faible”. “Faint” kinashangaza zaidi, kwa kuwa ni ndugu wa “feindre”, kujifanya. Hapo mwanzo mtu “faint” alikuwa mnafiki au mvivu anayekwepa kazi, kisha akawa mwoga, kisha dhaifu. Hatimaye kitenzi kikafikia maana ya kuzimia. Anayezimia leo kwa Kiingereza, basi, anatumia neno la yule aliyejifanya mgonjwa!

Hatari iko katika maneno yaliyobadilika upande mmoja wa bahari tu. Kwa Mfaransa “fade” ni sifa ya chakula kisicho na ladha. Kwa Mwingereza ni kitenzi cha rangi inayopauka, sauti inayofifia, kumbukumbu inayopotea. “Abattre” ni kuangusha mti au kuchinja ng'ombe, ilhali “abate” imepoa sana: husemwa juu ya dhoruba, homa na hasira zinapotulia. Nguvu za mgonjwa hazisemwi hivyo, kwa sababu kitenzi hiki kimezoea kitu ambacho watu hufurahia kukiona kinapungua. Hakuna ngazi ya mantiki ambayo ingetabiri hilo.

Nyakati za baadaye ziliongeza maneno ya kazi na ya mzaha. “Dwindle”, kilichoundwa kutoka “dwine” ya zamani, kinaonekana kwa Shakespeare mwishoni mwa karne ya 16, kinywani mwa Falstaff mnene, anayeuliza kama hajakonda. “Sap” kilitoka kwa askari: “saper” ya Kifaransa, kuchimba chini ya ukuta wa ngome ili uanguke. (Vijana wa Kinshasa na Brazzaville wanaojiita “sapeurs” wanatumia kitenzi cha mitaani cha kuvaa, ukuta haumo.) Lakini Kiingereza kilikuwa tayari na neno jingine lenye umbo hilo, lenye maana ya utomvu wa mti, na wasemaji wamezichanganya picha mbili hizo. Homa inayo“sap” nguvu huchimba kama askari na kunyonya kama mdudu. Wachimbaji wa madini wa Marekani, katikati ya karne ya 19, waliongeza “peter out”, kuishia kwa mshipa wa madini ardhini. Katanga haihitaji kuelezwa zaidi.

“Decline” kinastahili kuangaliwa peke yake, kwa kuwa Edward Gibbon alikifanya jina lake, si kitenzi, kuwa neno la wanahistoria alipochapisha historia ya dola ya Roma kati ya mwaka 1776 na 1788. Kichwa cha kitabu kina maneno mawili, kuinama na kuanguka, na umbali kati yake ndio unaojaza juzuu sita. Mfasiri anayeandika “kuanguka kwa Roma” peke yake ameukata umbali huo. Katika enzi hiyo na iliyofuata, neno lilo hilo lilitajwa pia majumbani kwa mgonjwa wa kifua kikuu.

Kamusi kuu ya Oxford, iliyotolewa kwa sehemu kuanzia mwaka 1884 hadi 1928, iliachana na njia ya Girard na kupanga maana kwa tarehe. Kwa vitenzi hivi ndiyo iliyokuwa sahihi.

Kwa mfasiri wa Kiswahili, jambo hili lina uzito. Mazoea ni kuandika “dhoofika” kila mahali, ingawa lugha ina kupauka na kufifia, kunyauka na kusinyaa, kulegea, kunyong'onyea, kudidimia, kupukutika, kutulia, kuzimia. Baadhi hulingana na Kiingereza kwa usahihi wa ajabu: “ebb” na “kupwa” ni bahari kwa bahari. Ugumu huanza bara. Ziwa Tanganyika halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho, na msemaji aliyekulia Kalemie au Lubumbashi hana picha ambayo neno hilo humpa mtu wa Mombasa. Kwake mto wa kiangazi, unaopungua hadi mawe yakaonekana, huenda ukawa tafsiri iliyo karibu zaidi.