Sanduku la Kijani, Betri na Kayaki: Hadithi ya Mashine Iliyomfanya Samaki Akose pa Kujificha

Alfajiri, maji yametulia. Jamaa yuko peke yake juu ya kayaki ya plastiki katikati ya ziwa, laifu jaketi kifuani, ndoano mkononi. Mbele ya magoti yake kuna kioo saizi ya simu kubwa. Kioo kinachora mstari wa sakafu ya ziwa, na juu ya mstari vinapita vitu vyenye umbo la upinde. Hao ni samaki. Jamaa anatabasamu, anashusha ndoano. Kufika saa 3 asubuhi kioo kinazima, pyuu! Betri imekata.

Kabla hujamcheka, ujue tatizo lake ni la zamani kuliko bibi yake. Historia ya mashine ya kutafutia samaki ni ya watu waliojifunza mapema kabisa kusikia chini ya maji, halafu wakahangaika miaka kibao na swali moja: umeme wa kuendesha hicho kitu unaubebaje?

Yote yalianza na msiba. Usiku wa Aprili 14, 1912, meli ya Titanic iligonga mlima wa barafu na watu zaidi ya 1,500 wakafa. Dunia ikabaki inajiuliza, hivi hakuna namna ya kujua kilicho mbele gizani? Mwanafizikia mmoja Mjerumani akaja na wazo la kutuma sauti majini na kusubiri mwangwi urudi. Mwaka 1913 akapewa hataza ya uvumbuzi wake. Kichekesho ni kwamba barafu aliyokuwa anaitafuta ilimpa mwangwi hafifu, ila sakafu ya bahari ilimjibu vizuri tu. Alitafuta barafu, akapata kina.

Mwaka 1914, mvumbuzi mwingine, mzaliwa wa Canada aliyekuwa anafanya kazi na kampuni moja ya Boston, alipanda meli ya serikali ya Marekani mpaka bahari ya Newfoundland. Alikuwa na mtambo mzito wa kupiga sauti majini. Safari hii mwangwi wa mlima wa barafu ukarudi kutoka umbali wa zaidi ya kilomita 3. Likumbuke hilo jina, Newfoundland, maana litarudi.

Hesabu yake haina uchawi. Sauti husafiri majini mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara 4 ya kasi yake hewani. Ukituma mlio na mwangwi ukarudi baada ya sekunde 0.02, sauti imetembea mita 30: yaani 15 kwenda na 15 kurudi. Kina ni mita 15. Mashine ya leo inafanya hesabu hiyo hiyo, ila mara nyingi ndani ya sekunde moja.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza na balaa la nyambizi. Huko Ufaransa, mwanafizikia mmoja wa Paris na mhandisi Mrusi wakaamua kutumia kwatzi, lile jiwe linalong'aa kama kioo. Nyuma kabisa, mwaka 1880, ndugu wawili Wafaransa walishagundua kwamba fuwele za aina hiyo ukizibana zinatoa umeme. Na kinyume chake ni kweli pia, ukizipa umeme zinatetemeka. Kwa hiyo kipande kimoja kinaweza kuwa mdomo na sikio kwa wakati mmoja: kinapiga mlio mkali usiosikika na binadamu, halafu kinasubiri mwangwi na kuugeuza umeme. Kifaa hicho sasa kinaitwa transdusa. Kile kinachofungwa chini ya kayaki ya mtu anayejivulia zake wikiendi ni mjukuu wa mtambo wa kuwindia nyambizi.

Hadi hapo hakuna aliyekuwa na habari na samaki. Walijileta wenyewe. Meli zilizofungwa mashine za kupimia kina zikaanza kuona alama za ajabu katikati ya maji, juu ya sakafu. Miaka ya 1930 nahodha mmoja Mwingereza aliyevua heringi akaanza kufuatilia alama hizo kwa makini, na mwaka 1935 mwanasayansi wa Norway akachapisha mchoro wa mashine ukionyesha makundi ya samaki aina ya chewa wa Atlantiki. Siri iko tumboni. Samaki wengi wana kibofu cha hewa cha kuwasaidia kuelea, na sauti ikitoka kwenye maji ikakuta hewa inadunda vibaya mno. Papa hana kibofu hicho, ndiyo maana mwangwi wake ni dhaifu ukilinganisha na ukubwa wake. Ukubwa wa mwili si kila kitu.

Mashine ya kwanza ya kibiashara kwa ajili ya samaki tu ilitokea Japani, mwaka 1948, na waliohusika hawakuwa maprofesa. Walikuwa ndugu wawili mafundi umeme wa mji mdogo wa wavuvi mkoani Nagasaki. Kaka mtu alikuwa anatengeneza redio na kufunga taa kwenye boti. Mvuvi mmoja akamwambia kwamba palipo na mapovu mengi ndipo palipo na samaki. Fundi akaunganisha akili: kama mapovu yapo, basi sauti itadunda. Wakachukua vifaa vya kupimia kina vilivyobaki baada ya vita, wakavifumua, wakaviunda upya.

Unadhani walipokelewa kwa vigelegele? Wapi! Wavuvi wakongwe waliokuwa wanasoma bahari kwa rangi ya maji na ndege wa angani waliiona mashine kama kiini macho. Ndugu hao ikabidi wapande boti wenyewe na kuithibitisha baharini. Samaki walipoanza kujaa, maneno yakaisha na kila mtu akaitaka.

Tatizo ni kwamba hizo zilikuwa mashine za meli zenye injini. Mtu mwenye kimtumbwi chake hakuwa na pa kuchomeka waya. Ukombozi wake ulikuja Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, pale baba mmoja na wanawe, wapenzi wa kupiga mbizi, walipogundua kuwa ziwani samaki hawajatawanyika kila kona. Wanajazana sehemu chache, kwingine kutupu. Wakaunda kisanduku cha kijani chenye mkono wa kubebea, kilichotumia transista badala ya zile valvu za zamani zilizokula umeme kama hazina akili. Umeme wake ulitoka kwenye betri kavu zilizowekwa humo humo ndani. Hakikuwa na picha, kilikuwa na duara lenye namba na mwanga mwekundu unaomweka kwenye namba ya kina. Mwanga ukimweka mara mbili, mmoja ni sakafu, mwingine huenda ni kitoweo. Kisanduku hicho kiliuzwa kwa miaka zaidi ya 20.

Kayaki nayo ilikuwa na safari yake. Watu wa Aktiki waliiunda kwa mbao zilizoletwa na maji au mifupa, wakaivalisha ngozi ya sili, na kuitumia kuwindia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kijana mmoja wa California akaunda ya kukalia juu, isiyo na shimo la kuzamisha miguu. Miaka ya 1980 zikaanza kutengenezwa kwa plastiki, na mwaka 1997 ikaingia sokoni ya kukanyaga kwa miguu. Hapo mikono ikawa huru kushika fimbo ya kuvulia. Kilichobaki ni umeme.

Betri ya risasi na asidi, ndugu wa ile ya gari, ilibuniwa Ufaransa mwaka 1859, na kwa muda mrefu ndiyo iliyopakiwa kwenye kayaki, ile ndogo iliyozibwa isimwage. Ya volti 12 na uwezo wa ampea 7 kwa saa ina uzito wa kilo 2 hadi 2 na nusu. Shida ni kwamba ukitaka idumu usiikamue kupita nusu. Kwa hiyo ile 7 kwenye lebo kwako ni 3.5. Mashine yenye kioo cha inchi 5 inayokula nusu ampea itakupa saa 7. Ukichukua ya inchi 7 inayokula ampea nzima, umepata saa 3 na nusu. Jamaa wa pale juu alinunua kioo kikubwa, akasahau hii hesabu.

Aliyebadilisha mchezo ni mzee mmoja wa Chuo Kikuu cha Texas. Mwaka 1996 timu yake ilionyesha kuwa madini ya chuma na fosfeti yanaweza kutumika ndani ya betri ya lithiamu. Mzee huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019 akiwa na miaka 97, mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kuipata. Betri ya aina hiyo yenye uwezo ule ule wa 7 ina uzito wa kilo 1 hivi, na unaweza kuitumia karibu yote. Kwa mashine ya nusu ampea ni saa 12, siku nzima ya kuvua na chenji inabaki.

Ndiyo maana wenye uzoefu hawaanzi kuchagua kioo, wanaanza na saa watakazokaa majini. Wanazidisha saa hizo kwa ampea zilizoandikwa kwenye kitabu cha mashine, wanaongeza kidogo ya akiba, ndipo wanajua betri gani na kioo saizi gani. Pawa benki ya simu inatoa volti 5 wakati mashine nyingi zinataka 12, kwa hiyo usijidanganye. Betri ya lithiamu inataka chaja yake, si ile ya betri ya gari. Fyuzi inakaa kwenye waya chanya karibu na betri, na betri inakaa kwenye boksi lisiloingiza maji. Kuongeza mwanga wa kioo ni kuongeza ulaji pia.

Baada ya hapo ndipo unaangalia masikio ya mashine. Sauti ya kilohezi 200 inaonyesha vitu kwa undani kwenye maji ya kina kifupi, ambako kayaki nyingi zinashinda. Ya kilohezi 50 inafika mbali chini, lakini picha yake si kali. Transdusa ya kawaida inaweza kugandishwa ndani ya plastiki ya kayaki na bado ikasikia, mradi kusiwe na kiputo cha hewa kwenye gundi. Ile inayopiga picha za pembeni lazima iguse maji.

Sasa turudi Newfoundland. Bahari ile ile uliposikika mwangwi wa barafu mwaka 1914 ilikuwa moja ya hazina kubwa za chewa duniani. Zikaja meli kubwa zenye mashine hizi na injini zisizochoka, zikawafuata samaki mpaka kwenye makundi ya mwisho. Mashine iliendelea kuonyesha samaki pale walipojikusanya, watu wakadhani bado wapo tele. Julai 1992 serikali ya Canada ikapiga marufuku uvuvi huo, na maelfu kwa maelfu ya watu wakakosa kazi. Miaka 78 tangu mwangwi ule, bahari ikawa haina cha kujibu.

Mashine yenyewe haivui wala haijui neno "inatosha". Mtu wa kayaki ana bahati moja ambayo meli kubwa hazikuwa nazo: kila anachotumia lazima akibebe, na kila anachovua lazima akirudishe ufukweni kwa nguvu zake. Kilo moja ya betri, ndoano moja, mikono miwili. Kioo kinamwambia samaki walipo. Wangapi waondoke, anaamua yeye.

Wewe je, ungebeba kioo kikubwa cha saa 3 au kidogo cha siku nzima? Maoni yako hapo chini.