Pale Mwongozaji Asiposimama: Matembezi ya Kihistoria Mjini Berlin

Matembezi ya kuongozwa katika mji wa kale ni aina ya uandishi wa historia, ingawa hakuna anayeshika kalamu. Mwongozaji huchagua mahali pa kuanzia, pa kusimama na pa kumalizia, kama mwandishi anavyochagua sura za kitabu chake. Akisimama, sote tunasimama na kupiga picha. Akipita kimya, nasi tunapita. Katika insha hii nitatumia matembezi niliyofanya Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, nilipokuwa huko kwa masomo ya muda mfupi, kuonyesha kwamba mahali panapopitwa kimya nako kuna historia, na kwamba sehemu ya historia hiyo ni yetu sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaotoka Burundi.

Matembezi yalianzia kwenye Lango la Brandenburg, lililojengwa kati ya 1788 na 1791. Juu yake kuna sanamu ya gari linalovutwa na farasi wanne. Mwaka 1806 Napoleon aliwashinda Waprusi, akaichukua sanamu hiyo hadi Paris, nayo ikarudishwa 1814 aliposhindwa. Kuanzia 1961 hadi 1989 lango hilo lilisimama kwenye mpaka uliougawa mji, likifungwa na ukuta. Mwongozaji wetu alikuwa hodari. Kwa kutumia lango moja tu alitueleza kuinuka kwa Prussia, vita, mgawanyiko na muungano.

Kutoka hapo tulifika kwenye kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa barani Ulaya, iliyofunguliwa 2005. Ni uwanja wenye nguzo 2,711 za zege, nyingine fupi kama benchi, nyingine ndefu kumpita mtu. Tuliombwa tupite katikati yake bila kuzungumza. Nchi inayojenga kumbukumbu ya uhalifu wake yenyewe katikati ya mji wake mkuu, karibu na bunge lake, imefanya jambo gumu. Sisi wa Maziwa Makuu tunaujua ugumu huo.

Kituo cha tatu kilikuwa kiwanja cha kuegesha magari. Hakuna cha kutazama hapo ila ubao wa maelezo, lakini ndipo tuliposimama muda mrefu kuliko kote. Chini yake kulikuwa na handaki ambamo Hitler alijiua tarehe 30 Aprili 1945. Watu waliuliza maswali mengi: kina cha handaki, unene wa kuta, yaliyoupata mwili wake.

Mimi nilikuwa nikifikiria kilichokuwa juu ya ardhi. Handaki lile lilichimbwa kwenye bustani ya ikulu ya zamani ya Chansela, iliyotazama mtaa wa Wilhelmstraße. Katika ikulu hiyo, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, Bismarck alikuwa mwenyeji wa Mkutano wa Berlin. Wajumbe wa mataifa 14 walikaa mezani kuzungumzia Afrika, na hakukuwa na Mwafrika hata mmoja miongoni mwao. Jengo liliharibiwa vitani na magofu yake yakaondolewa. Leo, kandokando ya Wilhelmstraße, kuna bango la kumbukumbu ya mkutano huo. Kundi letu lilipita karibu nalo bila kugeuza shingo.

Hapa ni lazima tuwe waangalifu. Shuleni wengi wetu tulifundishwa kwamba Afrika ilikatwa vipande Berlin kama keki, kwa rula na penseli. Sivyo ilivyokuwa. Mkutano ulijadili biashara huria katika bonde la Kongo, usafiri katika mito ya Kongo na Niger, na masharti ya kuteka maeneo mapya ya pwani. Mipaka mingi iliwekwa baadaye, kwa mikataba ya nchi mbili au tatu. Mipaka ya Kivu na Rusizi, kwa mfano, iliendelea kubishaniwa hadi makubaliano ya 1910 kati ya Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza. Lakini kusema hivyo si kuupunguzia mkutano uzito wake. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya kufungwa kwake, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters juu ya maeneo ya bara mkabala na Zanzibar. Koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani lilianzia kwenye hati hiyo. Miaka 18 baadaye, mwaka 1903, Mwami Mwezi Gisabo alilazimika kukubali mamlaka ya Wajerumani kwa mkataba wa Kiganda.

Nilimuuliza mwongozaji kwa nini hakutaja mkutano ule. Alinijibu kwa upole kwamba muda ni mfupi, na kwamba kila mgeni humuuliza kuhusu Hitler, lakini kuhusu mkutano huo mimi nilikuwa wa kwanza mwaka ule. Jibu lake lilinifundisha kitu. Hakuwa anaficha historia. Alikuwa anajibu maswali anayoulizwa. Historia ambayo wenyewe hawaiulizi, mgeni hana sababu ya kuisimulia.

Kituo kingine kilikuwa uwanja wa Bebelplatz, ambapo tarehe 10 Mei 1933 wafuasi wa Hitler, wakiwemo wanafunzi wa chuo kikuu, walichoma maelfu ya vitabu. Chini ya kioo kilichowekwa ardhini kuna rafu nyeupe zisizo na kitabu hata kimoja. Ng'ambo ya barabara ni jengo kuu la chuo kikuu, ambalo mwongozaji alilitaja kwa sababu ya wanasayansi wake maarufu.

Kwetu chuo hicho kina habari nyingine. Mwaka 1887 kilianzishiwa Seminari ya Lugha za Mashariki, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizofundishwa. Lengo halikuwa mapenzi ya lugha: maofisa wa koloni walihitaji kutoa amri na kusikiliza mashauri. Lakini hawakuweza kujifunza bila wenye lugha. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyetoka eneo la Bagamoyo, alifundisha Kiswahili hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Maandishi yake ndiyo msingi wa kitabu Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa 1903, ambacho kwenye jalada kilibeba jina la Mjerumani, Carl Velten.

Baadaye alifuata Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam 1904. Alikuwa askari mtoto upande wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, akaenda Berlin 1929, akadai mishahara ya kijeshi ambayo haikulipwa. Alifanya kazi ya kuhudumia wateja mezani, akaigiza katika filamu, akafundisha Kiswahili chuoni. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mweupe, na tarehe 24 Novemba 1944 akafia katika kambi ya Sachsenhausen. Siku iliyofuata nilikwenda peke yangu mtaa wa Brunnenstraße kuliona jiwe dogo la shaba lenye jina lake, lililopachikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu. Mwalimu wa Kiswahili ameingia katika kumbukumbu ileile ya ukatili tuliyoombwa kuipita kimya, ila jiwe lake liko mbali na njia ya watalii.

Berlin nayo inabadilika. Mtaa uliokuwa na jina la Wissmann uliitwa Lucy Lameck mwaka 2021, na mwaka 2024 sehemu ya barabara iliyoitwa Peters ilipewa jina la Maji Maji. Mabadiliko hayo yalidaiwa kwa miaka mingi na wakazi na wanaharakati, wengi wao wenye asili ya Afrika. Waliuliza, wakasikika.

Basi na sisi tujiulize. Mgeni akija Bujumbura, hupelekwa Mugere kuona jiwe linalotaja Livingstone na Stanley, waliopita hapo Novemba 1871. Wapagazi waliobeba mizigo yao, waliokuja na Kiswahili kutoka pwani, hawatajwi. Kisha tunarudi mjini na kupita Buyenzi bila kusimama, ilhali ndipo Kiswahili kilipojenga makao yake nchini kwetu, na wapo bado wanaokiita lugha ya sokoni. Napendekeza idara yetu ianze na mtaa huo: tuwahoji wazee, tuandike majina, tuchore njia ya matembezi ya saa mbili, na wanafunzi wa Kiswahili wawe waongozaji wake.