Uwanja Unaokimbiza Watu

Katika daftari la mwalimu wangu wa michezo, pale Bunia, mkoani Ituri, Kongo, niliandikiwa dakika 4 na sekunde 5 kwa mita 1500. Nilikimbia pekupeku juu ya udongo mwekundu uliozunguka uwanja wa mpira, na shule nzima iliamini kwamba uwanja ule una baraka, maana kila aliyekimbia pale aliandikiwa muda mzuri. Wageni kutoka shule nyingine walikuwa wakisema: huu uwanja unakimbiza watu.

Miaka mingi baadaye nilirudi na utepe wa kupimia. Mzunguko mmoja ulikuwa mita 372. Mbio nilizoambiwa ni za mita 1500 zilikuwa za mita 1395, na zile dakika 4:05 zangu, zikipigiwa hesabu ya haki, zinakuwa kama 4:23. Mwalimu hakutudanganya. Alihesabu kwa hatua zake, akapanda vijiti, akaamini, nasi tukamwamini. Lakini swali lilibaki nami: je, mbali na viwanja vifupi, kuna viwanja vya kweli, vilivyopimwa sawasawa, vinavyomkimbiza mtu kuliko vingine? Nikaanza kuifuata njia ya swali hilo nyuma, mwaka kwa mwaka, katika kumbukumbu za mbio za mita 800 na 1500.

Njia ilinipeleka kwanza mbali sana na Ituri, katika mji wa Christchurch, New Zealand. Tarehe 3 Februari 1962 Peter Snell alikimbia mita 800 kwa dakika 1:44.3, rekodi ya dunia. Alikimbia juu ya nyasi. Nyasi tu, kama zile za uwanja wa mpira wa kijijini zilizokatwa vizuri. Anayesema kwamba uwanja ndio kila kitu aanze kwa kuieleza siku hiyo.

Miaka sita baadaye, tarehe 15 Oktoba 1968, fainali ya Olimpiki ya mita 800 ilikimbiwa Mexico City. Ilikuwa Olimpiki ya kwanza kukimbiwa juu ya tatani, lile zulia la raba lililochukua nafasi ya njia za mabaki ya makaa ya mawe. Mji uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Wilson Kiprugut wa Kenya, ambaye mwaka 1964 kule Tokyo alikuwa ameiletea nchi yake medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, aliongoza mpaka karibu na mwisho. Ralph Doubell wa Australia akampita. Muda wa Doubell: 1:44.3. Kiprugut: 1:44.5. Raba mpya na hewa ya mlimani, vyote pamoja, vililingana na nyasi za Snell hadi sehemu ya kumi ya sekunde. Nilipoziona namba hizo mbili pamoja niliacha kusoma kwa muda.

Siku tano baada ya hapo, katika uwanja uleule wa Mexico, ilikuwa zamu ya mita 1500. Katika mbio za urefu huo mwili unadai oksijeni nyingi, na hewa nyepesi haina oksijeni ya kutosha. Wataalamu walitegemea mwendo wa polepole. Ben Jipcho wa Kenya alitoka mbele na kuvuta mzunguko wa kwanza kwa takriban sekunde 56, akijua kwamba yeye mwenyewe atalipia. Nyuma yake Kipchoge Keino alishika mwendo, akamaliza kwa dakika 3:34.91, na Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia, akaachwa karibu sekunde tatu. Jipcho alimaliza wa kumi. Nakuomba, msomaji, ulikumbuke jina hilo, kwa sababu lilipotajwa tena ilikuwa Christchurch.

Tarehe 2 Februari 1974, miaka kumi na mbili kasoro siku moja tangu mbio za Snell, mji uleule ulikuwa na uwanja mwingine, Queen Elizabeth II Park, wenye njia ya kisasa, na fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Filbert Bayi, kijana wa miaka 20 kutoka Karatu, Tanzania, aliondoka mbele tangu mlio wa bastola na hakumpa mtu nafasi mpaka mwisho. Dakika 3:32.16, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili kwa 3:32.52, naye aliivunja rekodi ya zamani ya Ryun ya 3:33.1. Wa tatu, kwa 3:33.16, alikuwa Ben Jipcho yuleyule. Wengi waliiangalia siku hiyo wakasema: uwanja wa Christchurch una kasi. Mimi naona jambo jingine. Mexico mtu mmoja alijitoa mbele na mwingine akapata dhahabu. Christchurch mtu mmoja alitoka mbele na wote waliomfuata wakaburutwa hadi muda ambao peke yao wasingeufikia.

Hata hivyo sitaki kuidharau raba. Mwaka 1977 Thomas McMahon na Peter Greene wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitengeneza njia ya ndani ya ukumbi baada ya kupima jinsi mguu wa mkimbiaji unavyofanya kazi kama springi. Hoja yao ilikuwa rahisi kuelewa. Ukikanyaga saruji, mguu hubeba pigo lote. Ukikanyaga mchanga, nguvu zako humezwa na mchanga wenyewe. Kati ya hivyo viwili kuna ugumu wa kadiri, unaobonyea kidogo na kurudi kwa wakati, ukakurudishia sehemu ya ulichotoa. Wakimbiaji wao waliongeza kasi kwa kiasi cha asilimia 2 hadi 3, na majeraha yakapungua. Kwa mtu wa dakika 3:40 katika mita 1500, asilimia 2 ni sekunde 4 na zaidi. Si kidogo.

Kwa hiyo uwanja unaweza kukimbiza. Lakini leo shirikisho la riadha duniani linadai kwamba njia iliyoidhinishwa ipunguze nguvu ya kishindo kwa kati ya asilimia 35 na 50, kwa hiyo viwanja vikubwa vinakaribiana. Tofauti iliyobaki ni ndogo, nayo haiwezi peke yake kueleza kwa nini rekodi zimerundikana katika miji michache.

Chukua Rieti, mji mdogo wa Italia kaskazini mashariki ya Roma. Noureddine Morceli wa Algeria alikimbia maili pale kwa dakika 3:44.39 mwaka 1993. Daniel Komen wa Kenya alikimbia mita 3000 kwa 7:20.67 mwaka 1996, rekodi iliyokaa miaka 28. David Rudisha alikimbia mita 800 kwa 1:41.01 tarehe 29 Agosti 2010. Watu wakaanza kuisifu raba ya Rieti. Tazama basi ratiba: mashindano mwishoni mwa msimu, wakimbiaji wakiwa wameiva, mji uliozungukwa na vilima, waandaaji wanaowaita watu wachache kwa kusudi moja, na mweka kasi anayelipwa kuvuta mzunguko wa kwanza. Rudisha alivutwa na Sammy Tangui, kama alivyovutwa Berlin wiki moja kabla alipokimbia 1:41.09.

Kisha ikaja London, tarehe 9 Agosti 2012, fainali ya Olimpiki, bila mweka kasi. Rudisha alifanya kama Bayi. Alitoka mbele, akapita mita 400 kwa sekunde 49.28, akamaliza kwa 1:40.91. Aliyekuwa wa nane na wa mwisho, Andrew Osagie wa Uingereza, alikimbia 1:43.77, muda ambao ungempa dhahabu katika Olimpiki tatu zilizotangulia. Je, raba ya London ndiyo iliyomkimbiza mtu wa mwisho? Wiki chache kabla, kwenye mchujo wa Kenya uwanjani Nyayo, Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, Rudisha huyohuyo alikuwa amekimbia 1:42.12. Mahali palibadilika, mtu wa mbele alikuwa yuleyule.

Hapo ndipo njia inarudi Bunia. Mji wetu uko karibu mita 1,275 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Mombasa, na tukishuka Kasenyi, kwenye Ziwa Albert, tunaingia mahali pa chini na pa joto, kama mita 620. Milima tunayo, na watoto wanaotembea mbali kwenda shule tunao. Upande huu wa Kongo umekwisha kutoa wakimbiaji: Makorobondo Salukombo alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akiwa ameanzisha mazoezi kwa vijana wa Kirotshe, Kivu ya Kaskazini, na Beatrice Kamuchanga aliiwakilisha nchi katika mita 5000 kwenye Olimpiki hiyohiyo. Ituri, iliyopigwa na vita tangu 1999 na ambayo bado haijatulia, imewafungia watoto wake barabara ambazo wangekimbilia. Ndiyo maana uwanja ulio katikati ya mji, penye watu, ni jambo zito kwetu.

Hatuwezi kusubiri tatani. Snell hakuwa nayo. Tunachoweza ni kuwa na mzunguko wa kweli, na hesabu yake haihitaji mhandisi: nusu duara mbili zenye nusu kipenyo cha mita 36.5, na sehemu mbili zilizonyooka za mita 84.39 kila moja. Kipimo kinachukuliwa sentimita 30 nje ya ukingo wa ndani, si juu ya ukingo wenyewe. Kupima juu ya ukingo peke yake hupunguza kipimo cha mzunguko kwa karibu mita 2. Pale ambapo nafasi ni ndogo, mzunguko wa mita 300 uliopimwa ni bora kuliko wa mita 400 wa kukisia.

Walimu wa michezo wa Bunia, Mongbwalu, Mahagi na Aru, nawaomba: kabla ya kuandika muda wa mtoto daftarini, pimeni uwanja wenu kwa utepe, mbele ya watoto wenyewe, na muuandike urefu huo kwenye ukurasa wa kwanza. Kisha mtafuteni yule mmoja asiyeogopa kukaa mbele, mwacheni avute.